Amplifaya ya Valvu kwa Muziki wa Metali: Pima Besi Kabla ya Ukali

Tangu Soldano ilipotoa SLO-100 mwaka 1987, kisha Peavey 5150 na Mesa/Boogie Dual Rectifier zikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1990, mkwaruzo mkali si kitu adimu tena. Amplifaya yoyote ya valvu iliyoundwa kwa ajili ya hevi metali, ya bei ya juu au ya kati, ina mkwaruzo mwingi kuliko utakaouhitaji, na wapigaji wengi wazoefu huishia kuiacha nobu ya gein katikati au chini ya hapo. Hata hivyo wanunuzi wengi bado huchagua kwa kigezo hicho hicho: wanaizungusha gein hadi mwisho, wanapiga kodi (chord) moja nzito, wanasisimka, wanalipa. Mwongozo huu unakuomba uanze na swali jingine. Kitu unacholipia hasa ni uwezo wa amplifaya kuishika besi isitawanyike mkwaruzo unapokuwa mwingi, pamoja na nguvu na spika za kuitoa besi hiyo bila kuipindisha tena. Ukilielewa hilo, maswali mengine yote ya dukani, kuhusu wati, aina ya valvu na jina la kampuni, yatajipanga yenyewe.

Kwa nini besi ndiyo mtihani

Ndani ya amplifaya kuna makundi mawili ya valvu. Valvu ndogo, karibu kila mara za aina ya 12AX7, huukuza umeme dhaifu unaotoka kwenye gitaa. Valvu kubwa, kwa kawaida 6L6 au EL34, huupa umeme huo nguvu ya kusukuma spika. Katika amplifaya za zamani mkwaruzo ulitokea pale valvu kubwa zilipozidiwa kwa sababu volyumu imepandishwa mno. Katika amplifaya za metali mkwaruzo hutengenezwa mapema zaidi, na valvu ndogo zilizopangwa mfululizo: ya kwanza inakuza, inayofuata inazidiwa na kukata vilele vya wimbi, ya tatu inavikata tena. Kila ukataji huzaa sauti mpya ambazo uzi haukuzitoa. Noti mbili zikiingia pamoja, hutoka zikiwa zimeandamana na jumla na tofauti za mitetemo yao, na hapo ndipo besi inapoleta matatizo. Uzi mnene wa gitaa la kawaida hutetema mara 82 kwa sekunde. Ukiulegeza hadi D, mara 73. Uzi wa B wa gitaa la nyuzi saba, mara 62. Mitetemo hiyo ya chini ndiyo hubeba nguvu nyingi, kwa hiyo ndiyo huzifikisha valvu kwenye kikomo kwanza, na inapokatwa huzikokota noti za juu pamoja nayo. Unapopiga huku kiganja kimezikalia nyuzi karibu na daraja la gitaa, pigo moja huingia ndani ya jingine, na rifu yote inakuwa uji.

Dawa yake imejulikana kwa muda mrefu: punguza besi kabla ya mkwaruzo, irudishe baada yake. Ushahidi mzuri ni Mesa/Boogie Mark IIC+, amplifaya iliyotumiwa na Metallica katika albamu ya Master of Puppets ya mwaka 1986. Katika familia hiyo ya Mark, nobu za besi na trebo ziko kabla ya hatua za mkwaruzo, na baada ya mkwaruzo kuna slaida tano za kusawazisha sauti, za 80, 240, 750, 2200 na 6600 Hz. Wapigaji huishusha nobu ya besi karibu na sifuri, halafu huipandisha slaida ya 80 Hz. Mtu asiyejua mpangilio huo akiitazama nobu ya besi ikiwa chini kabisa atadhani imesahauliwa, kumbe ndiyo inayofanya mapigo ya haraka yasikike moja moja.

SLO-100, 5150 na Rectifier ni ndugu kwa mpangilio wa umeme wake, na nobu zao za besi ziko baada ya mkwaruzo. Maana yake ni kwamba ukisikia noti zimechanganyika ndani ya amplifaya ya ukoo huo, kuipunguza besi kwa nobu hakutazitenganisha, kwa kuwa uharibifu umekwisha kutokea. Ndiyo sababu pedali ya Ibanez Tube Screamer, iliyobuniwa kwa mkwaruzo mwepesi tu, imekaa mbele ya amplifaya nyingi sana za metali. Nobu yake ya mkwaruzo huwekwa sifuri na ya kiwango cha sauti hupandishwa. Katika hali hiyo kazi yake kubwa ni kuzikuza sauti zilizo juu ya takriban 720 Hz kuliko zilizo chini yake, yaani kuipunguza besi kabla haijafika kwenye valvu.

Mtu anaweza kusema: amplifaya inayohitaji pedali ili isikike vizuri ina kasoro, basi ninunue ile isiyoihitaji. Hoja hiyo ina uzito kwa anayepiga metali ya kasi, na kwake Marshall JCM800 ya wati 100, au amplifaya ya ukoo wa Mark, inaweza kuwa jibu sahihi. Lakini si kila metali hukimbia. Muziki mzito wa mwendo wa pole, unaotokana na njia iliyofunguliwa na Tony Iommi wa Black Sabbath akiwa na amplifaya za Laney, unaipenda besi pana inayovimba, kwa sababu kati ya pigo na pigo kuna nafasi ya kutosha. Kwa hiyo kabla ya kuuliza amplifaya ipi ni bora, jiulize rifu zako ni za kasi gani. Pedali ni nafuu, na inazimwa kwa mguu. Amplifaya nene yenye pedali mbele inakupa tabia mbili, ilhali iliyokazwa tangu kiwandani haiwezi kulegezwa kirahisi.

Kuna jambo la pili linaloamua ukakamavu wa besi, nalo liko upande wa valvu kubwa. Amplifaya nyingi hurudisha sehemu ndogo ya sauti inayotoka na kuilinganisha na inayoingia, na marekebisho hayo huzuia koni ya spika isiendelee kuyumba baada ya pigo kwisha. Nobu za Presence na Resonance za 5150 hufanya kazi katika mzunguko huo. Dual Rectifier ikiwekwa katika hali ya Modern huukata kabisa, na ndiyo maana sauti yake hapo inakuwa kubwa, yenye makali juu na iliyolegea chini. Rectifier pia ina swichi ya kuchagua kati ya valvu na dayodi za silikoni katika kugeuza umeme wa ndani. Valvu hufanya volti ishuke kidogo kila unapopiga kwa nguvu, hivyo pigo linaingia taratibu. Kwa metali chagua dayodi.

Wati: hesabu inayopotosha wengi

Amplifaya ya wati 100 haina sauti mara mbili ya ile ya wati 50. Tofauti yake ni desibeli 3, ambazo sikio huzisikia kama ongezeko dogo; ili sauti isikike kama imezidi maradufu, nguvu inatakiwa iongezeke takriban mara kumi. Spika ya Celestion Vintage 30, inayopatikana katika makabati mengi ya spika za muziki wa metali, hutoa desibeli 100 ukiwa mita moja mbele yake kwa wati moja tu. Ukiitazama hesabu hiyo peke yake utaamua kwamba wati 15 zinatosha popote, na kweli zinatosha kwa ukubwa wa sauti. Tatizo ni kwamba desibeli hizo 100 si za 70 Hz. Spika ya gitaa hudhoofika inapoelekea chini, na sikio nalo husikia besi kwa shida kuliko sauti za kati, kwa hiyo pigo la uzi mnene linahitaji nguvu nyingi zaidi ili lilingane na noti nyingine. Amplifaya ndogo ikikaribia kikomo, besi ndiyo hukatwa kwanza, mara hii na valvu kubwa, na kazi yote ya kuilinda mwanzoni inapotea.

Wapo watakaopinga wakisema kwamba utamu wa amplifaya ya valvu unatoka hasa katika kuzisukuma valvu kubwa mpaka zikwaruze. Kwa roki ya miaka ya 1970 wanasema kweli. Metali ni kinyume chake: mkwaruzo umekwisha kutengenezwa, na sehemu ya nguvu inatakiwa iupitishe ulivyo. Wati 100 si za kuwapigia kelele majirani, ni akiba ya kuiacha besi ipite ikiwa nzima. Ukipiga chumbani tu, wati 20 zinatosha kwa sababu hutafika kikomo. Ukipiga na mpiga drums kwenye ukumbi mdogo, anzia 50.

Spika zinabadilisha sauti kuliko jina la amplifaya

Ukihamisha kichwa kile kile, yaani amplifaya isiyo na spika ndani yake, kutoka kabati moja kwenda jingine utasikia tofauti kubwa kuliko ile ya vichwa viwili vya ukoo mmoja vikiwa kwenye kabati moja. Bajeti nyingi huenda vibaya hapa: pesa yote inamalizikia kwenye kichwa, kisha kinaunganishwa na spika moja ndani ya kisanduku kilicho wazi nyuma. Kwa besi iliyokaza tafuta kabati lililofungwa nyuma, kwa kuwa hewa iliyonaswa ndani huizuia koni kuyumba. Spika nne za inchi 12 ni desturi, na mbili ndani ya kabati lililofungwa ni maafikiano mazuri kwa mtu anayesafiri kwa teksi au bajaji.

Angalia pia uwezo wa spika. Wimbi lililokwaruzwa kwa nguvu hukaribia umbo la mraba, na wimbi la mraba hubeba nguvu maradufu ya wimbi laini la kimo kile kile. Kichwa cha wati 100 kikisukumwa kupita kiasi kinaweza kupeleka karibu wati 200 kwenye kabati. Vintage 30 nne, wati 60 kila moja, hufanya 240, na hiyo ni salama. Mbili hufanya 120, na hapo itabidi volyumu iwekewe mpaka.

Kuhusu 6L6 na EL34 maneno machache yanatosha. Ya kwanza huelekea kuwa na besi pana na safi, ya pili ina sauti za kati zilizojitokeza. Tofauti ipo, lakini ni ndogo kuliko ya spika, na si sababu ya kukataa amplifaya iliyofaulu majaribio mengine.

Je, bado kuna haja ya valvu?

Hili ndilo pingamizi kubwa na linastahili jibu la kweli. Dimebag Darrell wa Pantera alijijengea mojawapo ya sauti zinazotambulika zaidi katika metali kwa amplifaya za transista za Randall. Meshuggah na Metallica wamepanda majukwaa makubwa wakiwa na vifaa vya kidijitali vya Fractal. Basi anayesema kwamba metali haipigiki bila valvu anakosea, na kama kazi yako ni kurekodi nyumbani kwa kompyuta au kupiga kumbi zenye mitambo mizuri ya sauti, kifaa cha kidijitali kitakupa zaidi kwa pesa kidogo, tena bila mgongo kuuma. Valvu zinabaki kuwa chaguo la busara katika hali mbili. Ya kwanza ni pale ambapo sauti ya jukwaani lazima itoke kwenye kabati lako mwenyewe, kama ilivyo katika kumbi nyingi ndogo ambako mitambo hubeba sauti ya mwimbaji tu. Ya pili ni maisha ya kifaa. Amplifaya ya valvu imejengwa kwa vipuri ambavyo fundi wa redio mwenye uzoefu anaweza kuvipima na kuvibadilisha kimoja kimoja, na 5150 nyingi za miaka ya 1990 zinafanya kazi hadi leo. Kifaa cha kidijitali kikifa bodi yake kuu, mara nyingi safari yake imeishia hapo. Kama hali zote mbili hazikuhusu, weka pesa yako.

Namna ya kuijaribu kabla ya kulipa

1. Nenda na gitaa lako, likiwa limetuniwa kama unavyolipiga kwenye bendi. Gitaa la duka lenye nyuzi nyembamba litakuficha ukweli wote kuhusu besi.
2. Weka nobu za besi, kati na trebo zote katikati, gein chini kidogo ya katikati, na volyumu ifikie kiwango ambacho huwezi kuongea na mtu bila kupaza sauti. Sauti ya chini hudanganya: besi hulegea pale tu volyumu inapopanda.
3. Piga uzi mnene kwa mapigo ya haraka yaliyozibwa kwa kiganja. Usisikilize mapigo, sikiliza nafasi zilizo katikati yake. Lazima usikie ukimya.
4. Piga kodi ya noti tatu au nne, si ile ya mbili tu. Kama huwezi kuitambua kila noti, punguza gein hadi uitambue. Kama sasa hakuna ukali wa kutosha, amplifaya hii haikufai.
5. Weka pedali ya mkwaruzo mwepesi mbele yake, mkwaruzo sifuri, kiwango juu, kisha rudia hatua ya 3. Hapa utajua iwapo ulegevu uliousikia unatibika.
6. Funga volyumu ya gitaa kabisa. Mvumo mdogo ni wa kawaida. Mlio mkubwa usiobadilika unaashiria kapasita zilizochoka au waya wa ardhi wenye hitilafu.
7. Iache iwake kwa nusu saa huku ukipiga. Chungulia valvu kubwa kwa nyuma: mwanga wa rangi ya chungwa katikati ni sawa, lakini bamba la chuma la nje likigeuka jekundu, zima mara moja na usiinunue kabla fundi hajaipima.

Makosa mawili yanajirudia sana katika majaribio haya. La kwanza ni kuzishusha sauti za kati hadi sifuri kwa sababu zinapendeza ukiwa peke yako; ukiingia kwenye bendi, gitaa la besi na matoazi hulifunika gitaa lako lote. La pili ni kulinganisha amplifaya mbili huku moja ikiwa na sauti kubwa kidogo kuliko nyingine. Sikio huipendelea ile yenye sauti kubwa kila mara, kwa hiyo zilinganishe volyumu kwanza.

Umeme wetu na amplifaya za kigeni

Amplifaya nyingi zilizokwisha kutumika huja kutoka Marekani, ambako umeme ni volti 120 na 60 Hz. Kenya hutumia volti 240, Tanzania 230, zote kwa 50 Hz. Soma bamba la nyuma kabla ya kuigusa plagi. Baadhi zina swichi ya kuchagua volti, au transfoma yenye waya ambazo fundi anaweza kuziunganisha upya. Katika hali hiyo fyuzi nayo hubadilishwa, kwa kuwa kwa volti 240 mkondo ni takriban nusu ya ule wa 120 na fyuzi ya zamani haitakulinda. Nyingine zina transfoma ya volti 120 tu. Hizo zinahitaji transfoma ya nje ya kushusha umeme, yenye uwezo unaokaribia maradufu ya wati zilizoandikwa nyuma ya kifaa. Usichanganye wati hizo na wati za spika: kichwa cha wati 100 hula umeme mwingi zaidi ya huo. Na kama bamba linataja 60 Hz peke yake, transfoma ya ndani itapata joto zaidi kwenye 50 Hz hata ukishusha volti vizuri. Ushauri wangu ni kuiacha, labda bei yake iwe inalipia na kubadilisha transfoma.

> TAHADHARI
> Ndani ya amplifaya ya valvu mna volti 400 na zaidi, na kapasita hubaki na umeme huo hata baada ya kuchomoa plagi. Usiifungue kama hujafundishwa kuzimaliza chaji.
> Usiiwashe kamwe bila spika. Transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua.
> Linganisha omu: kabati la omu 16 kwenye tundu la 16. Makabati mawili ya omu 16 yakiunganishwa sambamba hufanya 8.
> Tumia waya wa spika kati ya kichwa na kabati. Waya wa gitaa ni mwembamba mno kwa kazi hiyo.
> Usiukate mguu wa ardhi wa plagi ili kuondoa mvumo. Nyuzi za gitaa zimeungwa na chasisi, na mkono wako uko juu yake.

Gharama isiyoandikwa kwenye bei

Valvu huchakaa. Kubwa hubadilishwa baada ya mwaka mmoja au kadhaa kutegemea matumizi, ndogo hudumu zaidi. Viwanda vilivyobaki duniani ni vichache, hasa Urusi, Slovakia na China, na mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipotikisa usafirishaji kutoka Urusi bei zilipanda kila mahali. Kabla ya kununua hesabu seti moja kamili ya valvu kama sehemu ya bei, ukiongeza usafiri na ushuru. Kichwa chenye valvu kubwa nne kitakula maradufu ya chenye mbili, na hii ni sababu nzuri ya mtu wa kumbi ndogo kuchagua wati 50. Uliza pia kama amplifaya inaruhusu kurekebisha mkondo wa valvu kubwa. 5150 ya awali ilitoka kiwandani bila nobu ya kurekebishia, na mkondo wake umewekwa chini: valvu hudumu, lakini fundi lazima apime kila anapoweka seti mpya, kwa kuwa seti mbili za jina moja hazifanani.

Siku ya kwanza ukiwa nayo nyumbani, mwombe fundi apime mkondo wa kila valvu kubwa na aandike namba hizo kwenye karatasi ibandikwe ndani ya kifuniko cha nyuma. Nunua 12AX7 mbili za akiba na fyuzi za ukubwa ulioandikwa kwenye bamba. Sauti ikianza kupiga mlio wa filimbi au kukatika, badilisha 12AX7 ya kwanza, ile iliyo karibu zaidi na tundu la gitaa, kifaa kikiwa kimezimwa na kupoa; mara nyingi hiyo ndiyo yenye hatia, na kwa kuwa inachomolewa kutoka nje katika amplifaya nyingi, hutahitaji kuifungua chasisi.